Chakula cha dunia kinatosha? Na kama kinatosha, mbona mimi nilikosa?

"Jambo baba agronomu, mtaalamu wetu wa kilimo. Mimi ni mama wa watoto sita, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka wa 2024, unga ulipopanda bei, tulishuka hadi kula mara moja kwa siku, jioni. Kwenye likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, mama mmoja alisema watu wamejaa duniani, udongo umechoka, na hii njaa ni mwanzo tu. Mwanangu mkubwa, aliye chuoni, anasema hapana, chakula kipo tele, matajiri ndio wanaokimwaga. Wote wawili wananichanganya. Je, dunia inaweza kweli kuzalisha chakula cha kutosha watu wote? Na kama inaweza, mbona mimi nilikosa? Nauliza kwa sababu tuna nusu hekta kwenye barabara ya Kasenga, urithi wa baba yangu. Inatupa magunia manane tu ya kilo 50 ya mahindi kwa mwaka, na shemeji yangu anatushauri tuiuze, tufungue duka, unga tuwe tunanunua."

Mama, katika barua yako nilikwama kwenye neno moja: jioni. Najua maana yake. Watoto wanakwenda shule na maji tumboni, na mama anajifanya ameshakula. Kwa hiyo sitakujibu kwa maneno ya mkutanoni.

Nianze na lililo jepesi. Ndiyo, dunia ya leo inavuna chakula cha kutosha kila mtu aliye hai, tena kinabaki. Hesabu yake unaweza kuifanya wewe mwenyewe mezani. Kila mwaka mashamba ya dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 2.8 za nafaka, yaani mahindi, ngano, mchele, mtama na ndugu zao. Watu ni bilioni 8 na kidogo. Ukigawa sawasawa, kila mtu, hata mtoto mchanga, anapata kama kilo 340 kwa mwaka, karibu kilo moja kwa siku. Wewe unajua kilo moja ya unga inasonga bukari, yaani ugali, ya watu wangapi. Kilo hiyo ina kalori zaidi ya 3,000, na mahitaji ya mtu mmoja kwa siku, ukichanganya wakubwa na wadogo, hayafiki hata 2,500. Hapo sijahesabu muhogo, viazi, ndizi, maharage, karanga, mawese, samaki wala nyama.

Na bado, kwa hesabu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, mwaka wa 2024 watu wapatao milioni 673 waliishi na njaa, na watu bilioni 2.6 kwa jumla hawakuweza kununua chakula kamili chenye afya. Chakula kinatosha, na watu wana njaa. Mambo haya mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na swali lako lote liko hapo katikati yake.

Tumsikilize kwanza mama wa likelemba, maana hoja yake si ya kijinga. Ina zaidi ya miaka 200. Mwaka wa 1798 padri mmoja Mwingereza, Thomas Malthus, aliandika kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, na kwamba njaa ndiyo itakayowapunguza. Wakati huo dunia ilikuwa na watu karibu bilioni moja tu. Kwa yale aliyoyaona alikuwa na haki ya kuogopa: wakulima wa zama zake walipotaka chakula zaidi, walikuwa na njia moja kubwa, nayo ni kufyeka ardhi mpya. Na ardhi ina mwisho.

Asichoweza kukiona ni hiki. Mmea unajengwa kwa nitrojeni, na nitrojeni imejaa hewani tunamopumua, ila mmea hauwezi kuichukua huko. Mwaka wa 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuikamata nitrojeni ya hewa na kuigeuza kitu ambacho mzizi unaweza kukinywa. Mwenzake Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda mwaka wa 1913. Ile yurea nyeupe unayoiona sokoni kwenye magunia ni mjukuu wa kazi hiyo, na leo karibu nusu ya watu wa dunia wanakula chakula kilichokuzwa kwa nitrojeni ya viwanda. Kisha wakaja wazalishaji wa mbegu kama Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1970 kwa ngano fupi yenye shina imara, ambayo ukiipa mbolea hailali chini bali inajaza suke. Tangu mwaka wa 1961 hadi leo mavuno ya nafaka duniani yameongezeka zaidi ya mara tatu, na eneo linalolimwa nafaka limeongezeka kidogo tu. Watu hawakumaliza ardhi. Walijifunza kuvuna zaidi pale pale.

Wala watu hawataongezeka bila kikomo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanasema idadi ya watu duniani itafika kileleni kwenye miaka ya 2080, kama bilioni 10.3, kisha itaanza kushuka. Bilioni mbili zaidi ya leo ni wengi, lakini mashamba yanaweza kuwalisha.

Kwa hiyo kuhusu dunia nzima, mwenzako amekosea. Kuhusu udongo kuchoka, hapana, hajakosea. Udongo wa huku kwetu umechoka kweli, na nitaurudia, maana ndiyo sehemu ninayoijua kwa mikono yangu.

Sasa mwanao. Kijana amesoma vizuri, ila amesimama katikati ya njia. Ni kweli kwamba chakula kingi hakifiki mdomoni. Zaidi ya theluthi moja ya nafaka yote ya dunia wanakula wanyama, ili watu wapate nyama, maziwa na mayai. Marekani, nchi inayovuna mahindi kuliko zote, karibu theluthi moja au zaidi ya mahindi yake huenda kutengeneza mafuta ya magari. Na mwaka wa 2022 tani zaidi ya bilioni moja za chakula zilitupwa majumbani, madukani na kwenye mahoteli. Ila hapa mwanao atashangaa kidogo: sehemu kubwa, kama asilimia 60, ilitupwa majumbani, na nyumba za nchi zenye kipato cha kati hutupa kiasi kinachokaribiana na cha nyumba za nchi tajiri. Kumwaga chakula si dhambi ya Wazungu peke yao.

Lakini hata wote wakiacha kutupa kesho asubuhi, mkate uliookolewa Paris hautafika Katuba. Hakuna lori la kuuleta, na hata likiwepo, mkate huo utauzwa, na wewe mwaka ule pesa hukuwa nayo. Ndiyo maana naona hoja ya "matajiri wanamwaga" inapoza hasira kuliko inavyojaza sufuria. Inatufanya tutazame mbali, na sababu iko karibu.

Iko wapi? Nikupe mfano mmoja wa zamani. Mwaka wa 1943 huko Bengal, India ya wakati wa Waingereza, watu kati ya milioni mbili na tatu walikufa kwa njaa na magonjwa yake. Wengi waliamini mchele ulikwisha. Baadaye mchumi Amartya Sen, aliyeishuhudia njaa hiyo akiwa mtoto, na ambaye mwaka wa 1998 alipewa Nobel ya uchumi, alikaa na hesabu za mavuno akakuta jambo zito: chakula cha mwaka ule hakikuwa kidogo kuliko cha mwaka wa 1941, na mwaka wa 1941 hakukuwa na njaa kuu. Kilichobadilika ni bei. Vita vilipandisha bei ya mchele, na mshahara wa kibarua wa shambani, wa mvuvi na wa kinyozi ukabaki pale pale. Mchele ulikuwepo sokoni. Wao hawakuwa na haki ya kuugusa.

Hilo ndilo lililokukuta wewe, mama. Soma tena barua yako: hukuandika "unga ulipokwisha". Uliandika "unga ulipopanda bei".

Mwaka wa 2024 ukame mkali wa El Niño ulipiga kusini mwa Afrika. Zambia ilitangaza janga la taifa mwisho wa mwezi wa pili, na mavuno yake ya mahindi yakashuka zaidi ya nusu. Na sisi wa Lubumbashi tunakula kwa Zambia. Simama siku moja kwenye barabara ya Kasumbalesa utazame: malori ya shaba yanashuka kwenda mpakani, malori ya unga yanapanda kuja mjini. Kongo inachimba zaidi ya tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, ya pili duniani, na mji ulio katikati ya utajiri huo unasubiri bukari yake ipite kwenye kizuizi cha mpaka. Jirani akikosa mvua anafunga mlango ili watoto wake wale kwanza. Simlaumu, nasi tungefanya vivyo hivyo. Lakini mlango ukifungwa kule, meka, kopo letu la kupimia unga, inapungua huku. Nimewaona wauzaji wakigonga kitako cha meka kwa nyundo ili kiingie ndani: bei imebaki ile ile, kopo ni lile lile, lakini ngumi nzima ya unga imeondoka. Mama anafika nyumbani, anasonga, anakuta bukari imekuwa ndogo, anadhani ni mkono wake.

Mwaka uliofuata mvua ilirudi na Zambia ikavuna mahindi mengi sana. Kwa hiyo ile haikuwa njaa ya dunia. Ilikuwa njaa ya mji unaotegemea zao moja, kutoka nchi moja, kupitia mpaka mmoja, kwa mshahara usiopanda. Watawala wetu wameliona hilo zamani. Kuna wakati makampuni ya madini ya Katanga yaliagizwa yalime mahindi, hekta 500 kila moja. Baadhi yalilima kwa bidii, mengine kwa shingo upande. Mtu wa madini halimi kama mtu ambaye watoto wake watakula kile alichopanda.

Na tusijitazame sisi tu. Kwa makadirio ya mwaka wa 2025, Wakongo karibu milioni 28 walikuwa kwenye njaa kali. Mamilioni kati yao wako Kivu na Ituri, na hilo linauma zaidi ukijua udongo. Masisi na Rutshuru zina udongo wa volkano, mweusi, laini, ambao sisi wa udongo mwekundu tunauonea wivu. Kule maharage na viazi vinaota karibu mwaka mzima. Mkulima amekimbia na jembe limebaki shambani. Njaa iko juu ya udongo ulio bora kuliko wote nchini, na sababu yake ni bunduki. Mtu asikuambie tena kwamba njaa ni upungufu wa ardhi.

Sasa tuingie kwenye nusu hekta yako, maana hapo una uwezo.

Magunia manane ya kilo 50 ni kilo 400. Kwa hekta nzima ni kilo 800, na huo ndio wastani wa Kongo yetu. Zambia wanapata kama tani mbili, wastani wa dunia unakaribia tani sita, Marekani tani 11. Usione aibu. Wewe si mvivu kuliko mkulima wa Marekani, tena nadhani unainama zaidi yake. Udongo wako na mfuko wako ndio tofauti.

Nimechimba mashimo mengi kando ya barabara ile ya Kasenga. Juu unakuta kidole kimoja au viwili vya udongo wa kijivu wenye harufu nzuri, halafu wekundu unaanza, mgumu, na mizizi ya mahindi imefika pale ikapinda pembeni kama mtu aliyegonga ukuta. Wekundu huo ni chuma. Kwetu mvua hunyesha nyingi, kama milimita 1,200, tena yote ndani ya miezi michache. Kwa maelfu ya miaka maji hayo yamesafisha chumvi zenye lishe na kuacha udongo mchachu. Katika udongo mchachu aluminiamu inalegea na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi, hata ile uliyonunua kwenye mbolea, inashikwa na chuma na aluminiamu hao hao, mmea hauipati. Ndiyo maana kuna watu wanamwaga mbolea mbili tatu na kusema shamba limerogwa. Halijarogwa. Linahitaji chokaa kwanza, ile ya kilimo, iliyosagwa laini, na mkoa wetu una mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe upande wa Likasi. Majivu ya jikoni nayo yanasaidia kwa eneo dogo.

Halafu nitrojeni. Kila tani ya punje za mahindi inaondoka na kama kilo 15 za nitrojeni kutoka shambani. Magunia yako manane yanabeba kilo 6 kila mwaka. Baba yako alilima pale miaka mingapi? Kila mwaka kilo 6 zilipanda baiskeli kwenda mjini na hakuna kilichorudi. Na mabua mkiyachoma mwezi wa nane, nitrojeni iliyobaki humo inapanda na moshi. Zamani wazee walilima pori jipya, wakaliacha lipumzike miaka 15 au 20, na miti ikarudisha nguvu. Leo pori hilo limekwenda kwenye makaa ya kupikia ya mji wetu, na shamba halipati tena likizo. Huku ndiko kuchoka alikokusema mama wa likelemba, na anastahili kuambiwa kwamba jambo hilo alilisema sawa.

Lakini kilo 6 si nyingi. Sehemu kubwa ya yurea hupotea kwa maji na hewa, kwa hiyo utahitaji zaidi ya kulipa deni tu, ila hatuzungumzi malori. Samadi ya kuku, mabua yaliyoachwa yaoze badala ya kuchomwa, na zamu ya karanga, maharage au soya, ambazo mizizi yake hukamata nitrojeni ya hewa bure, kazi ile ile ya kiwanda cha Haber. Ongeza mbegu nzuri, panda mara mvua ya kweli inapokaa, mwisho wa mwezi wa kumi na moja au mwanzo wa kumi na mbili, na palilia mapema, wiki ya tatu usiivuke. Nikilazimika kuchagua jambo moja la kukusisitizia bila pesa, ni palizi. Na kila asubuhi chungulia ndani ya koo la mmea, maana viwavijeshi waliotua Afrika mwaka wa 2016 wanajificha humo, na ukiwawahi wakiwa wadogo unaweza kuwaua kwa vidole au kwa kutia majivu au mchanga humo ndani.

Nyumba yako ina watu wanane. Nikikadiria gramu 400 za mahindi kwa mtu kwa siku, mnahitaji kilo 3.2 kila siku, kama kilo 1,170 kwa mwaka. Mavuno ya sasa yanawafikisha miezi minne. Ukifika tani mbili kwa hekta, jambo ambalo wakulima wengi wadogo wa ng'ambo ya mpaka wanalifanya, nusu hekta itakupa kilo 1,000, karibu miezi kumi. Sikuahidi mwaka wa kwanza. Udongo mchachu unarudi polepole, tegemea misimu mitatu.

Ila usiyaweke yote kwenye mahindi. Huo ndio ugonjwa wa mji, usiuhamishie shambani. Gawa: sehemu mahindi, sehemu karanga na maharage, na kipande cha muhogo. Najua Katuba kuna wanaosema muhogo ni chakula cha taabu. Kongo ni kati ya nchi zinazovuna muhogo mwingi kuliko zote duniani, na zao hili linavumilia udongo mchachu na ukame, linakusubiri ardhini hata mwaka mzima bila ghala, na majani yake ni mboga, sombe. Kama mwaka wa 2024 ungekuwa na mistari ishirini ya muhogo ardhini, ungechanganya unga wako na watoto wangekunywa uji asubuhi. Tafuta vijiti kutoka kwa mimea isiyo na majani yaliyojikunja na madoa ya njano, maana huo ni ugonjwa wa mozaiki na unasafiri ndani ya kijiti. Na muhogo mchungu uloweke siku tatu kamili au zaidi, usifupishe hata njaa ikibana, maana sumu yake hulemaza miguu.

Kuna hasara nyingine ambayo huenda huihesabu. Mwezi wa kwanza wa mwaka mmoja niliitwa na mkulima mmoja, mtu makini, anionyeshe akiba yake. Alifungua gunia, nikaingiza mkono hadi kiwiko. Punje zilikuwa za moto kama mwili wa mtu mwenye homa, na mkono ulitoka mweupe kwa vumbi. Fukusi walikuwa wamelala na kuzaa humo tangu mavuno. Tulipochekecha, gunia la kilo 50 halikutoa hata 35 za kula. Alisimama akilitazama lile vumbi bila kusema, na mke wake akaanza kuokota punje nzima moja moja.

Kausha mahindi kwanza. Chukua chupa kavu, tia punje na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, acha itulie dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani, juu ya turubai si juu ya udongo. Yakiwekwa mabichi yanaota kuvu wenye sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Yakikauka kabisa, tia kwenye magunia yenye tabaka tatu, mbili za plastiki ndani, au kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Wadudu wanamaliza hewa wenyewe na kufa, hakuna dawa ya kununua. Mkifanya hivyo hamtauza mwezi wa tano bei ikiwa chini na kununua mwezi wa pili bei ikiwa juu. Nyumba nyingi za wakulima wetu hupoteza pesa zaidi hapo kuliko shambani.

Je, uuze? Shemeji yako hasemi ubaya. Duka lingekupa pesa kila siku, na shamba la mbali linakula nauli na nguvu. Lakini duka la unga la Katuba linategemea mpaka ule ule. Siku Kasumbalesa ikibana, rafu yako itakuwa tupu siku ile ile sufuria ya jirani iko tupu, naye atakuja kukopa. Mimi nisingeuza. Pesa ya shamba huisha, na mji unapanuka kuelekea huko, kwa hiyo kulinunua tena hutaweza. Ila ninyi ndio mnaojua nguvu zenu. Kama mume wako hana siku za kwenda na wewe afya haikuruhusu, kodisha nusu yake kwa mkulima wa pale kwa maandishi, mlipane kwa magunia. Kabla ya lolote, hakikisha karatasi za urithi zimekaa sawa ofisini na kwa chifu, na ndugu zako wa baba mmoja wamesema mbele ya mashahidi. Nimeona familia zikigombana juu ya robo hekta.

Kuhusu kesho ya dunia, nisikudanganye. Kila digrii moja ya joto linaloongezeka hupunguza mavuno ya mahindi duniani kwa karibu asilimia 7, na sisi tunaopanda msimu mmoja wa mvua tutaumia kabla ya wengine. Nchi yetu ina zaidi ya watu milioni 100 na inaongezeka haraka. Tuna ardhi ya kilimo kama hekta milioni 80, na tunalima sehemu ndogo tu, lakini ardhi isiyo na barabara, chokaa wala amani haimlishi mtu. Kutosha kwa leo ni kazi ya watu, na kesho kutategemea kama kazi hiyo itafanyika hapa pia. Naamini inawezekana, ndiyo maana bado nachimba mashimo.

Kuna jambo moja lisilosubiri mavuno. Watoto zaidi ya 4 kati ya 10 wa chini ya miaka mitano hapa nchini wamedumaa, na bukari peke yake haimzuii mtoto kudumaa hata akishiba. Tia karanga zilizosagwa kwenye mboga, visashi unavijua, tia dagaa, hata kijiko kimoja. Na ukiona miguu ya mtoto imevimba, ukibonyeza shimo linabaki, au nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, au amekaa hachezi, hataki kula, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Watapima mkono wake kwa utepe. Utepe ukiangukia kwenye nyekundu, kuna matibabu ya chakula maalumu cha karanga, na mtoto akiwahi anapona.

Kwa shamba, mtafute agronomu wa eneo lenu akafike kwa miguu yake, maana mimi sijauona udongo wako. Kabla hajafika, chimba vishimo kumi vya kina cha jembe, sehemu mbalimbali, si karibu na kichuguu wala mahali mlipochoma mabua. Changanya udongo huo kwenye ndoo safi, anika kivulini, funga kilo moja kwenye mfuko, andika jina la mahali na zao la mwaka jana. Udongo huo ukipimwa uchachu, atakuambia chokaa kiasi gani, na pesa yako ya kwanza iende huko kabla ya mbolea yoyote. Fanya hivyo kabla mvua hazijaanza.